Krismasi Iliyotoka Mkunazini Ikaenda Masasi

  

Wiki ya kwanza ya Desemba iliyopita duka langu lilijaa hadi pa kukanyaga hakuna. Nilikuwa na oda ya nyumbani kwetu Masasi: magauni 11 ya watoto na mashati sita, kitenge kimoja chenye maua ya zambarau, sare ya ukoo. Mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Kiislamu anayenipa kazi kila Idi, alikuja kuchukua baibui la binti yake, akasimama kuyatazama yale magauni yaliyoning'inia. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hivi hii siku mmeamrishwa au mmejichagulia?" Nikacheka, nikamwambia nitamjibu. Siku mbili baadaye mdogo wangu akapiga simu kutoka Newala. Wanawe wawili nisiwashonee. Amehamia kanisa lisiloshika Krismasi, na hataki watoto wake wavae sare ya sikukuu aliyoambiwa ni ya kipagani.

Jamani, maswali mawili, moja la Mwislamu na moja la Mkristo, na ukiyageuza upande wa ndani kama nguo utaona mshono ni mmoja. Mimi ni fundi cherehani, nimeishia kidato cha nne nikaingia kozi ya ushonaji, msitegemee mambo ya chuo kikuu. Lakini nimekulia Masasi, karibu na kanisa kuu la Mtandi, na haya mambo mengine nimeyasikia kwa wazee na mengine nimeyasoma usiku mashine ikiwa imezimwa.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayopigiwa kelele zaidi.

Ukweli ni kwamba Injili hazitaji siku aliyozaliwa Yesu. Luka anasema wachungaji walikuwa nje usiku wakilinda kundi, na wapo wanaosema Desemba kule Bethlehemu ni baridi, nani angelala nje na kondoo? Qur'ani nayo katika Sura Maryam inasimulia mama akishikwa na uchungu chini ya mtende na kupewa tende mbivu. Masheikh wengi hutumia hilo kusema kwamba tende huiva wakati wa joto, kwa hiyo si Desemba. Wakristo wa mwanzo wala hawakuwa na shughuli na siku hiyo. Origen, mwanazuoni wa Misri wa karne ya 3, alifundisha kwamba katika Maandiko wanaosherehekea siku ya kuzaliwa ni wenye dhambi, Farao na Herode. Kumbukumbu ya zamani tuliyonayo ya tarehe 25 Desemba inatoka Roma, katika orodha ya mwaka 336 iliyohifadhiwa kwenye kitabu cha mwaka 354. Zaidi ya miaka 300 baada ya mwenyewe kuzaliwa!

Kwa nini tarehe hiyo? Hapo ndipo mdogo wangu anaposhika mwiko. Kaisari Aurelian aliweka wakfu hekalu la mungu jua huko Roma mwaka 274, na wapo wanaosema Wakristo waliichukua sikukuu ya jua wakaibatiza. Wengine wanasema hapana, wazee wa kanisa walihesabu. Waliamini Mariamu alipashwa habari tarehe 25 Machi, ukihesabu miezi tisa unafika 25 Desemba. Wanazuoni bado wanavutana. Wahabeshi wa kanisa la Orthodox kule Ethiopia wanaiadhimisha tarehe 7 Januari kwa kalenda yao na hawana wasiwasi wowote. Mimi jambo la upagani halinisumbui sana. Cherehani yangu imeundwa Uchina na sijui waliounda wanaabudu nini, lakini nguo inayotoka ni yangu.

Kwa hiyo mteja wangu, jibu lako la kwanza ni hili: hatukuamrishwa. Tumejichagulia.

Na wala msidhani kukataa Krismasi ni jambo jipya lililoletwa na makanisa ya jana. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku Krismasi kabisa. Kule Boston, Marekani, sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini ya shilingi tano mtu atakayeonekana anasherehekea, na ilidumu hadi mwaka 1681. Waliotunga sheria hizo walikuwa Wakristo wakali wa Biblia, wakisema kama Mungu hakuiagiza basi ni ya binadamu. Uskoti ndiyo usiseme, Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya taifa hadi mwaka 1958. Watu walikwenda kazini kama kawaida.

Hili la Uskoti linatuhusu sisi wa kusini, ngoja niwaeleze. Mwaka 1875 wamisheni wa Kiskoti walifika Ziwa Nyasa wakajenga kituo chao. Hao walitoka katika kanisa lililokuwa halishiki Krismasi kama siku takatifu. Mwaka uliofuata, upande wa mashariki, wakafika wamisheni wengine Masasi. Hawa walikuwa Waanglikana wa UMCA, na hawakuwa Waanglikana wa kawaida, walikuwa wale wa ubani, mishumaa, kanzu zilizodariziwa na maandamano. Kwao mwaka mzima ulikuwa umepangwa kwa sikukuu. Kama Waskoti wangetangulia kufika Masasi, pengine leo nisingekuwa na magauni 11 ya kushona. Krismasi uliyonayo, dada yangu, inategemea sana nani alibisha hodi kijijini kwa babu wa babu yako.

Na hao waliobisha hodi Masasi walitoka wapi? Hapa Unguja! Hili ndilo linalonifanya nicheke mtu anaponiambia Krismasi ni mambo ya bara.

Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Mkunazini mwezi wa Juni mwaka 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale palipokuwa soko. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Ibada ya kwanza ndani ya kuta zile ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, jengo likiwa bado halijamalizika. Msimamizi wa yote alikuwa Askofu Edward Steere, yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Biblia. Ukienda leo waongozaji wa watalii watakuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, wakikuambia mafundi walizikosea askofu akiwa safarini. Mimi nikiwa fundi nawaelewa, mteja akisafiri mambo hutokea.

Katikati ya hizo Krismasi mbili, Oktoba 1876, Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake. Walikuwa watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa na kulelewa na misheni, wengi wao asili yao ni huko ndani, Wayao na Wanyasa. Lengo lilikuwa kuwarudisha kwao karibu na Nyasa. Wakashuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Ile njia ya kutoka ziwani hadi pwani ya Lindi na Kilwa ndiyo misafara ya watumwa ilikoshukia, na sasa wao wanaipanda. Walipofika Masasi mwezi wa Novemba, penye ile milima mikubwa ya mawe na maji na ardhi nzuri, wakasema inatosha. Wakakaa.

Krismasi ya kwanza iliwakuta hapo wakiwa na wiki chache tu, mvua zinaanza.

Hapo huwa nasimama kila nikifikiria. Hebu jiweke wewe. Umechukuliwa mtoto, umeuzwa, mama humjui alipo, lugha ya kwenu umeanza kuisahau, jina umepewa lingine. Sisi Wamakua, Wamakonde na Wayao ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa kina mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Sasa mtu asiyemjua mama yake atampata wapi mjomba? Atakula na nani siku ya furaha? Atalia na nani siku ya msiba? Wale watu hamsini na kitu hawakuwa na ukoo. Walikuwa na misheni, walikuwa na wenzao waliopita njia ileile, na walikuwa na siku fulani za mwaka ambazo wote walivaa nguo safi, wakaimba pamoja na kula chungu kimoja. Naamini hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya Krismasi ya kwetu, na tarehe ya Roma haikuwa na kazi kubwa hapo.

Bibi yangu mzaa mama hakutamka neno "watumwa" hata siku moja. Alisema "watu wa misheni". "Sisi tulikuja na padri, kwa miguu," basi, anaendelea kuchambua mboga. Nilikuwa nimeshakua mkubwa, nimeshahamia hapa, siku moja nimeingia Mkunazini kusubiri mvua ipite, ndipo nikaunganisha yale maneno.

Wanawake nao wasisahauliwe. Pale Mbweni palikuwa na shule ya wasichana ya misheni iliyosimamiwa kwa miaka mingi, kuanzia 1877, na Bi Caroline Thackeray. Wasichana walisoma, na wengine walifundishwa kushona, kufua na kupika. Wengi waliolewa na walimu waliotoka shule ya wavulana ya Kiungani wakafuatana nao bara, Masasi na Newala zikiwemo. Kwa hiyo mwanamke aliyetoka Unguja na sindano yake akaenda kushona kusini alikuwepo kabla yangu. Mimi nimekuja kinyumenyume tu.

Haikuwa raha. Septemba 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma, wakaua, wakateka watu. Fikiria mtu aliyekombolewa mara moja anatekwa tena. Steere alikuwa amefariki Unguja wiki chache kabla, amezikwa nyuma ya altare pale Mkunazini. Padri Chauncy Maples na waliobaki wakahamia Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, kwa mzee Matola, mkuu wa Wayao wa huko, aliyewapokea. Ndivyo Krismasi ilivyopanda mlima. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri, naye alifanya kazi Chitangali, upande huohuo wa Newala. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Masasi misheni ikachomwa tena, na wamonaki Wakatoliki waliokuwa Lukuledi na Nyangao nao vituo vyao vikateketea. Kuna watu waliipigania nchi yao wakiiona misheni ni tawi la Mjerumani, na siwezi kuwalaumu. Kila walipochomewa, waumini walijenga tena.

Baadaye akaja Padri Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944. Huyu alijulikana hadi nje kwa jambo moja: alilichukua jando la kwetu akaliingiza kanisani, vijana wanatahiriwa na kufundwa kwa taratibu za zamani, yaliyopingana na imani yakatolewa na sala zikaingizwa. Wapo waliompinga, wakisema anabatiza upagani. Mnasikia hayo maneno? Ndiyo yaleyale ya mdogo wangu kwenye simu, na ndiyo yaleyale waliyoambiwa Warumi na jua lao. Mimi namuunga mkono Lucas nusu. Alielewa kwamba watu hawaachi ngoma zao, wanazihamishia mahali pengine. Nusu nyingine inanitia shaka, maana aliyeamua kipi kibaki na kipi kitoke alikuwa Mwingereza.

Sasa tuje Newala ya leo, kwa mjomba wangu.

Bibi yangu huyo wa misheni aliolewa na mtu wa msikitini. Kusini hayo ni ya kawaida. Uislamu ulipanda kwa njia ileile ya misafara na walimu wa pwani, hasa kwa Wayao, na Newala ina Waislamu wengi tu. Watoto wakagawanyika. Mama yangu akafuata kanisa, kaka yake akafuata msikiti. Na kila Krismasi, tangu nina akili, mjomba alishuka Masasi na jogoo wawili kwapani. Alichinja mwenyewe, kwa bismillahi, ili kila atakayekula ale bila kinyongo. Mama alipika pilau. Na hilo nalo tafakarini: chakula cha Krismasi cha Mmakonde ni pilau, chakula cha Idi cha pwani! Ming'oko na ugali wa muhogo siku hiyo vinapumzika. Baada ya kula mjomba alikaa kwenye kigoda akasikiliza kesi za ukoo, nani kampiga mkewe, nani kauza shamba la mikorosho bila kuuliza. Akishamaliza anaondoka.

Mtoto wake mkubwa alirudi kutoka masomoni miaka kadhaa iliyopita akamwambia baba yake haifai, kushiriki sikukuu ya watu wa dini nyingine ni kuikubali itikadi yao. Wapo wanazuoni wanaofundisha hivyo, sikejeli. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mimi siendi kwenye Krismasi. Naenda kwa dada yangu." Mwaka ule alikuja na jogoo wake kama kawaida. Kijana hakuja, na hadi leo haji.

Nilipomsimulia mteja wangu alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kitu sikukitegemea. Nyumbani kwao pia hawaelewani, lakini ni juu ya Maulidi. Mama yake alikuwa msomaji wa Barzanji, mwezi wa mfungo sita nyumba inanukia udi na halua. Wanawe yeye wanasema ni bidaa, Mtume hakuisherehekea siku yake na masahaba hawakuisherehekea. Wengine wanajibu kwamba kumpenda Mtume hakuhitaji tarehe. "Kumbe na nyinyi mna hayahaya," akasema. Tukakaa kimya pale, yeye na baibui lake, mimi na sindano mdomoni.

Sisemi kwamba watu wa kwetu wote wanasherehekea kwa sababu safi. Krismasi inaangukia msimu wa korosho, minada imeanza tangu Oktoba, na mkulima aliyelipwa mapema ana pesa mkononi kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Hapo kuna wanaosherehekea pesa. Mabibo ni mengi, na mabibo yakichacha huwa uraka, na kuna wanaume ambao Krismasi yao yote iko kwenye uraka na mke ndiye anayelala nje. Januari ada na sare za shule zinasubiri, na mapadri wetu wanalisema kila mwaka. Nimewahi kuwa na wateja waliokopa ili watoto wasionekane wanyonge mbele ya majirani, halafu Februari hawapokei simu yangu. Kwa hilo mdogo wangu ana hoja nzito kuliko ile ya upagani, na nilimwambia hivyo. Angenishinda kwa hiyo.

Lakini yeye hoja yake ilibaki tarehe na jua. Nikamwambia, sawa, usiimbe, usije kanisani, usiite Krismasi. Je, tarehe 25 utakuwa wapi? Mjomba ana zaidi ya miaka 70, anashuka kutoka Newala kwa gari la abiria na jogoo wawili. Mama amebaki na dada mmoja tu. Watoto wako watawajuaje watoto wangu? Akanyamaza. Kisha akasema, "Dada, mimi namuogopa Mungu kuliko mjomba." Sikuwa na jibu. Ni jibu zuri, bibi yangu angelipenda.

Nilisafiri tarehe 22, boti hadi Dar es Salaam, kisha basi la kusini. Tarehe 24 usiku kanisa la Mtandi lilijaa hadi nje. Tarehe 25 mjomba alichinja. Kulikuwa na sahani mbili ambazo mama alizipakulia pilau akazifunika kwa kawa, hakusema ni za nani, na hakuna aliyeuliza.

Tarehe 27 asubuhi mdogo wangu alishuka kutoka gari la Newala na wanawe wawili, wamevaa nguo za kawaida kabisa. Akasema amekuja kumwona mama. Mjomba alikuwa bado hajaondoka, amelala siku mbili zaidi kwa sababu ya goti. Wale watoto walikwenda moja kwa moja kwa wenzao, na mdogo wao, wa miaka mitano, alishika pindo la gauni la binti yangu akauliza la kwake liko wapi.

Mwaka huu amenitumia vipimo vyao mwenyewe, mwezi wa Septemba. Anasema nguo ziwe za rangi nyingine na nisizipeleke kabla ya tarehe 26. Nimeshanunua kitambaa, ni cha kijani.